Kiberiti Mlangoni mwa Ghala

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mshonaji alikuwa akimsimulia mzee asiyemjua jinsi alivyoitembelea ile kambi ya jeshi ya zamani, ambayo ghala lake siku hizi ni ukumbi wa picha za mwanga zinazomulikwa kutani na sakafuni. "Mto ukatiririka sakafuni, nami nikapandisha gauni nisilowe."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Umevuka mto wa taa, mama? Hata mimi nimeingia humo." Mimi nikatazama dirishani, kama wafanyavyo wasikilizaji wote wenye adabu.

"Cheka tu, baba. Wewe uliingiaje?"

Mzee akakohoa. Zamani alilinda ghala hilohilo, lilipokuwa la baruti, na hakuna aliyeingia na moto. Basi juzi, kufika mlangoni, akamkabidhi binti wa tiketi kiberiti chake. "Mazoea yana taabu, mama."

"Kumbe. Mimi niliogopa maji yasiyokuwepo, wewe baruti isiyokuwepo. Tuna tofauti gani?"

"Yangu iliwahi kuwepo," mzee akasema taratibu.

Basi likasimama langoni mwa kambi, mzee akainuka kwenda kudai kiberiti chake.

Mama akampisha. "Pandisha suruali, baba. Mto bado umejaa."