Kitambaa cha Funguo

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1976, nyumbani, kabla mkunga hajafika, maana tangu tumboni hakuwa mtu wa kusubiri, akawa kifungua mimba wa mama yake, akifuatiwa na mdogo wake wa kiume, ambaye yuko nasi pale nyuma karibu na mlango, na familia inaomba msigeuke kumtazama.

Alisoma kwa kusukumwa mpaka akamaliza sekondari, mwaka 1997 akajiunga na polisi, jambo ambalo mama yake alilipinga mpaka sauti ikamkauka, na mwaka 2001 akaolewa na fundi redio, mwanamume mpole mpaka anakera, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2005 mdogo wake aliugua akili, akakamatwa sokoni akigombana na watu ambao sisi wengine hatuwaoni, akawekwa mahabusu, na kila funguo zilipolia mlangoni alijibamiza ukutani, akiamini wanakuja kummaliza. Tangu hapo marehemu akaomba zamu za mahabusu, ambazo wenzake walizikimbia, akawa anazifunga funguo kwa kitambaa chake cha kichwani zisilie, anavua kofia na buti, anakaa sakafuni nje ya nondo, akizungumza taratibu na kila mgonjwa wa akili aliyeletwa mpaka daktari apatikane. Wenzake wakamwita Mama Kitambaa, wakamtania kwamba iko siku atawaimbia mahabusu walale, naye akawajibu kwamba wa kwanza kulala watakuwa askari wa zamu.

Februari mwaka huu figo zake ziligoma, akalazwa, na kila mama yake alipoingia wodini marehemu hakuulizia dawa wala watoto, aliuliza, "Mama, leo zamu ya nani?", na mama akamdanganya kwamba ni ya koplo mmoja mpole wa kituoni kwake, hata Jumanne moja mdogo wake alipokamatwa tena, askari mgeni akaingia na funguo zikimlia kiunoni, na kijana wa watu akajibamiza ukutani, akatoka ameshonwa nyuzi kichwani. Marehemu alifariki tarehe 14 Mei, bila kuambiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na askari wenzake, waliokuja na sare zilizonyooka kama wanaokwenda kukaguliwa. Kitambaa mama yake amekifua, anacho hapa mbele, atamkabidhi mkuu wa kituo kabla jeneza halijashushwa, kwa sababu mtoto aliyembakia atakamatwa tena, wiki hii au ijayo, na mama mwenyewe magoti yake hayamruhusu tena kukaa sakafuni.

Sasa tunalibeba jeneza, na mdogo wake atapita katikati yenu, kwa hiyo wenye funguo viunoni wazishike mkononi.

Pumzika kwa amani, Mama Kitambaa, na usiulize zamu ya nani.