Karani Aliyewahesabu Wasiokuwepo

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi. Domitila Machibya, karani wa takwimu katika idara ya elimu ya halmashauri yetu, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991, wakati huo bado tukiwa Mkoa wa Shinyanga. Leo tuko Simiyu. Mkoa umebadilika, maafisa elimu kumi na mmoja wamekuja na kuondoka, na kiti chake ni kilekile, chenye mto alioushona mwenyewe na kuujaza pamba ya kwao Zagayu.

Kamati ya hafla imenipa mimi wa masjala kazi hii kwa sababu natunza shajara, na tarehe zangu huwa hazibishaniwi. Imeniomba pia nitumie maneno yaliyozoeleka: mtiifu, mnyenyekevu, mwenye ushirikiano. Nimepekua shajara zangu zote kumi na tisa. Neno mtiifu halimo hata mara moja karibu na jina lake, na sitaliingiza leo ili kuifurahisha meza kuu.

Alianza kama mpiga chapa, enzi za taipureta iliyokosa herufi R. Barua zote alizijazia R kwa kalamu, moja moja, na hakuna barua iliyotoka pungufu. Mwaka 1997 alihamishiwa takwimu, na hapo ndipo shule zilipoanza kupata shida. Bi. Domitila alikuwa na tabia mbaya ya kwenda kuangalia. Tarehe 3 Machi 2009 shule moja iliripoti madawati mia mbili na kumi. Alipanda baiskeli, akaenda, akahesabu kumi na tisa, na mojawapo lilikuwa mlango uliolazwa juu ya matofali. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu aliyeingia ofisini na kumwamkia kwa Kisukuma kama mama yake, "Mwangaluka, mayu," aliitikiwa vizuri, akapewa kiti, kisha akaulizwa, "Haya baba, umekuja na idadi au umekuja na hadithi?"

Sasa niandike kuhusu miaka ya kinyago, kwa kuwa wengi wenu ni wageni na mnakiona tu juu ya kabati langu.

Mwaka 2016 tuliletewa Afisa Taaluma mpya, Bwana Novatus, ambaye sasa amehamia mkoa mwingine na huko, nasikia, ameng'ara. Bwana Novatus alikuja na uwajibikaji. Aliuleta katika kompyuta mpakato. Kila shule ilipangwa kwa wastani wa alama za Darasa la Saba, kisha ikapakwa rangi: kijani, njano au nyekundu. Majedwali yalipigwa plastiki na kubandikwa ukutani kuanzia mlangoni hadi chooni. Kulikuwa na shule katika wilaya hii ambazo watoto walikalia mawe, lakini ukuta wetu ulimeremeta. Wageni kutoka mkoani walipiga nao picha.

Kila Februari kilifanyika kikao cha tathmini. Shule ya kwanza ilipewa kombe na dume la ng'ombe. Shule ya mwisho ilipewa kinyago: mtu aliyeinama, ameshika tama, kimo cha debe. Kilichongwa kwa mti wa kawaida na kupakwa kiwi cha viatu ili kifanane na mpingo, na kwa joto la ukumbi wetu kiwi kile kilikuwa kikiyeyuka. Mwalimu mkuu aliyekipokea alirudi kwake na viganja vyeusi na shati lenye madoa, akapanda basi hivyohivyo mbele ya wazazi. Masharti yalikuwa mawili. Kinyago kikae juu ya meza yake mwaka mzima, na kikimrudia mara tatu mfululizo, avuliwe ukuu wa shule.

Aliyekipata Februari 2017 na Februari 2018 ni Mwalimu Bujiku Luhende wa Shule ya Msingi Mwalindili. Mnamjua: mrefu, mpole, suruali yake daima ina alama ya mnyororo wa baiskeli. Mwalindili ni kijiji cha ng'ombe. Wiki ya mtihani Mwalimu Luhende alizunguka machungani na mashambani, akawaomba wazee kwa Kisukuma cha heshima wamwachie watoto siku mbili tu. Mara nyingine alibaki yeye na fimbo akichunga, mtoto akiandika. Alileta wote: wanaosoma vizuri, wanaosoma kwa shida, na wale ambao kalamu wanaishika kama mpini wa jembe. Bila shaka wastani wake ulikuwa chini. Bwana Novatus alimwita mbele za watu mfugaji wa sifuri, na sisi, naandika kwa aibu, tulicheka. Tarehe ipo, 16 Februari 2018, na nimeandika kwamba nilicheka.

Matokeo ya mwaka 2018 yalipofika, Mwalindili ilikuwa ya mwisho tena. Ikabaki kikao tu Mwalimu Luhende avuliwe.

Bi. Domitila ndiye aliyepewa kuandaa jedwali la kikao. Alilipanga kama alivyoagizwa, kisha akaongeza safu moja upande wa kulia. Alitoa kabatini fomu za mwaka 2012, mwaka ambao watoto wale waliandikishwa Darasa la Kwanza, akaweka idadi ya walioanza kando ya idadi ya waliofanya mtihani. Shule ya kombe, ambayo siitaji kwa kuwa walimu wake wa sasa hawana hatia, iliandikisha watoto tisini na sita. Waliofanya mtihani ni thelathini na mmoja. Wote walifaulu, asilimia mia, kijani kibichi. Mwalindili iliandikisha themanini na wanane, wakafanya themanini na wanne, wakafaulu thelathini na tisa.

Msomaji asiye na elimu ya uwajibikaji ataona kwamba thelathini na tisa ni wengi kuliko thelathini na mmoja. Ofisi nzima yenye shahada tano haikuliona hilo kwa miaka mitatu.

Bi. Domitila alikwisha kuuliza kijijini walikokwenda wale sitini na watano. Wachache walihama na wazazi. Waliobaki walirudishwa nyumbani kidogokidogo, kuanzia darasa la tano, wakiambiwa kwamba shule haiwawezi. Mzazi mmoja alishauriwa amtume binti yake kwa shangazi yake kijiji cha Mwamanyili wiki ya mtihani, akapumzike.

Bwana Novatus alipoiona ile safu aliagiza ifutwe. Nilikuwepo, nilikuwa napeleka jalada. Alisema, "Mayu, asiyekuwepo hana wastani." Bi. Domitila alimtazama juu ya miwani yake. "Baba," alisema, "kwetu ndama mmoja akipotea watu wanapiga yowe la mwano, kijiji kizima kinatoka na fimbo. Hapa wamepotea watoto sitini na watano, na wewe mchungaji unampa dume." Kisha akaifuta safu, mbele yake, akachapa jedwali safi, akampa. Niliandika jioni ile kwamba hata yeye hatimaye amejifunza utii. Nilikosea, na ndilo kosa pekee la mwaka ule katika shajara yangu ambalo sijalikata kwa mstari.

Kikao kilikaa Alhamisi, tarehe 14 Februari 2019. Walimu wakuu wote walikuwepo, na dume lilikuwa limefungwa nje likila maua ya bustani ya Mkurugenzi. Kinyago kilikuwa mezani kwenye gazeti, kimepakwa kiwi upya. Mwalimu Luhende alikaa mstari wa nyuma. Alikuwa amevaa shati jeusi. Mwenyekiti alimpa nafasi katibu wa kikao, yaani Bi. Domitila, aanze na ajenda ya kwanza, na ajenda ya kwanza ya kikao chochote cha serikali ni mahudhurio.

Alisimama na daftari la uandikishaji la mwaka 2012. Akamwomba mwalimu mkuu wa shule ya kombe asimame amsaidie kuitikia, kama darasani. Akaanza na waliopotea tu. Mayunga Salu. Mwalimu alidhani ni mzaha, akacheka, akasema hayupo. Milembe Kija. Hayupo. Ukumbi ulicheka naye. Akaita wa tatu, wa nne, wa saba, kwa sauti ileile ya kuita mahudhurio, akiweka alama kwa penseli kila jina. Kufikia la kumi hakuna aliyecheka. Bwana Novatus alisema kwa ukali, "Katibu, hii haimo kwenye ajenda." Bi. Domitila akajibu kwamba ni ajenda ya kwanza, na bado hajaimaliza. Jina la kumi na nne mwalimu hakuitikia, alikaa. Kutoka nyuma sauti nzito ilianza kuitikia badala yake, hayupo, hayupo. Ilikuwa ya Mwalimu Luhende. Waliendelea hivyo wawili hadi la sitini na tano. Ilichukua dakika tisa. Nje dume lililia mara moja.

Mtu angetegemea kwamba baada ya hapo wakubwa wangeona haya. Wakubwa waliunda kamati. Mwalimu Luhende alipewa kinyago kama ratiba ilivyosema, ila suala la kumvua likawekwa kando hadi kamati itoe taarifa. Jalada la kamati liko kwangu masjala. Lina karatasi moja, barua ya kuwateua wajumbe. Kwa hiyo Mwalimu Luhende anaendelea kuwa mwalimu mkuu kwa muda, mwaka wa saba sasa, na hakuna mwenye ujasiri wa kulifungua jalada. Dume, kwa kumbukumbu, lilikabidhiwa kwa aliyestahili kwa mujibu wa jedwali.

Bi. Domitila naye aliwajibishwa. Barua ya onyo niliiandikisha mimi, kumbukumbu namba ninayo. Alikaa kaunta ya wageni miezi ishirini na sita akigawa fomu za likizo. Katika miezi hiyo kila jedwali lililobandikwa ukutani lilikutwa, kesho yake asubuhi, na namba ndogo za penseli pembeni mwa plastiki. Msafishaji alizifuta. Zilirudi. Mwaka 2021 Afisa Elimu aliyekuja aliuliza namba hizo ni za nini, akaelezwa, akamrudisha kwenye kiti chake. Safu ile sasa imechapwa rasmi. Mwaka jana ilionyesha kwamba shule ya kombe ilifikisha mtihanini watoto sabini na wanane. Haikupata kombe. Kinyago hakijatolewa tena, ingawa hakuna waraka uliokifuta. Kuomba radhi si desturi ya ofisi yetu.

Kamati ya hafla ilipomuuliza angependa zawadi gani, ikitaja friji na seti ya makochi, alisema anataka kinyago. Ilibidi kiitwe kikao, kwa sababu kina namba ya mali ya serikali. Tarehe 11 Juni 2025 nimekifuta katika daftari la mali na kuandika sababu: hakina kazi. Mwalimu Luhende ndiye atakayekikabidhi, na amekifunga kwenye mfuko wa sandarusi asichafuke mara ya nne. Bi. Domitila amesema kitasaidia kushikilia lango la zizi la mbuzi huko Zagayu, na kwamba hiyo itakuwa kazi yake ya kwanza ya maana.

Wabeja sana, Mayu, tunashukuru. Umetutumikia vizuri kuliko tulivyokutendea. Upate mvua kwa wakati, mbuzi wenye afya, na wajukuu watakaokupa idadi, wasikupe hadithi.

Kuanzia tarehe 1 Julai, daftari la mahudhurio la idara litakuwa na jina moja lisiloitikiwa. Nitaliita hivyohivyo asubuhi ya kwanza. Nitaandika hayupo, na mbele yake nitaandika amekwenda wapi.

Mayige,
Masjala