Bi Fadhiya, Biriani na Amana Iliyokosa Mpokeaji

Baada ya miaka ishirini na saba kwenye maabara yetu ya mitandao hapa Mombasa, Bi Fadhiya Huzaifa anastaafu tarehe 30 Juni. Alipaswa kustaafu Machi. Kwa mtu aliyetumia maisha yake kutafiti ucheleweshaji, hatukutarajia vingine, ingawa sababu yenyewe ilitunyima raha sote na tutaifikia.

Kwa wale wa uhasibu ambao mpaka leo wanadhani alikuwa akitengeneza simu: Bi Fadhiya alitafiti mitandao inayovumilia kukatikakatika. Mtandao wa kawaida ukikosa njia, ujumbe hupotea. Wake haukati tamaa. Ujumbe hukaa kwenye kisanduku ndani ya tuktuk, na tuktuk ikikutana na nyingine inayoelekea upande unaotakiwa, huukabidhi. Ndivyo zahanati moja ya Kibarani inavyopata majibu ya vipimo kutoka hospitali ya Makadara hata umeme ukizimika na simu zikinyamaza.

Wazo hilo hakulitoa kwenye jarida lolote. Alilitoa kwa shangaziye, Bi Mejumaa, aliyekuwa akitumwa kualika harusi nyumba kwa nyumba Mji wa Kale. Akikuta mlango umefungwa humwachia jirani mwaliko, lakini hauhesabu umefika mpaka jirani atamke kwa kinywa chake kwamba ameupokea. Bi Fadhiya aliiita kanuni ya amana: aliyebeba hafuti chochote mpaka anayefuata akubali.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu, nasi tunalikumbuka kwa furaha. Ujumbe wa majaribio ulikuwa mwaliko wa biriani ya maabara, na hakuna aliyekumbuka kuuwekea ukomo. Kila tuktuk ikaipa kila iliyokutana nayo, visanduku vikajaa biriani, ujumbe mwingine wote ukakosa pa kukaa. Wiki mbili baada ya sufuria kuoshwa, wauguzi wa Kibarani walibisha hodi wamejipamba, wananukia udi, tayari kula. Mgeni aliyealikwa hageuzwi mlangoni, kwa hiyo Bi Fadhiya aliwachukua hadi kwake akapika upya, na kati ya kukaanga vitunguu na kutia zafarani akatatua swali lililomhangaisha mwaka mzima: nakala ngapi zitolewe, na kila ujumbe uishi kwa muda gani. Makala yaliyotokana na biriani hiyo yanasomwa vyuoni. Hayataji vitunguu.

Sasa sababu ya Machi. Wakubwa waliamua mtandao wa tuktuk uzimwe siku atakapoondoka, isipokuwa apatikane wa kuurithi. Bi Fadhiya akagoma kuondoka, kwani kanuni yake mwenyewe ilimkataza: amana haikuwa na mpokeaji. Sisi wenzake tulikuwa mashujaa kwelikweli. Akiingia jiko la ofisi, kila mmoja alikumbuka simu ya dharura. Wa kwanza kutoroka alikuwa Kazungu, mtu wa nyaya, ambaye kwa miaka aliuita mtandao huo mkokoteni wa punda.

Mwezi Mei umeme ulikatika kisiwa kizima, na simu zikafuata. Kazungu alikuwa zahanati ya Kibarani na bintiye Kache, mtoto anachemka homa, na daktari hakuthubutu kutoa dawa bila majibu ya damu kutoka Makadara. Yaliletwa na tuktuk iliyokuja kushusha magunia ya viazi. Kache sasa hajambo, mashallah. Kesho yake Kazungu aliingia ofisini kwa Bi Fadhiya bila utani wowote, akaomba funguo za visanduku. Wanaosema Bi Fadhiya alilia wanasema kweli. Kazungu naye alilia, akasingizia vumbi.

Bi Fadhiya, ahsante kwa biriani, na ahsante zaidi kwa ukaidi wako. Tunakuombea maisha mema ya kustaafu, yenye afya na usingizi mrefu, na popote utakapoalikwa, chelewa upendavyo. Amana imefika. Kazungu ametamka kwa kinywa chake, mbele yetu sote, kwamba ameipokea. Sasa unaweza kuiachilia.