Sauti ya Mdogo Wangu Kwenye Ukungu

Nawasalimu kwa jina la Bwana, mlioketi mbele na mliosimama nyuma. Siwaoni, ila kikohozi cha mzee wa kanisa nakijua, basi najua niko nyumbani.

Surua ilinipofusha nikiwa mtoto, huko Burundi. Kijiji chetu nilikijua kwa nyayo. Kila asubuhi nilishuka bondeni kuteka maji, peke yangu.

Siku vita ilipotufikia, kulikuwa kumekucha na ukungu umejaa mlimani. Risasi zikalia upande wa barabara. Watu wakakimbia huku na huku, wakagongana. Ndugu zangu, nawaambia, asubuhi ile wote tulikuwa vipofu. Jirani mmoja, aliyezoea kuniita mzigo, akanishika mkono. “Dada, wewe unaijua njia ya mtoni. Tutoe.”

Nikawaambia washikane nguo, mmoja nyuma ya mwingine, wasiseme neno. Mdogo wangu alikuwa karibu na mwisho, mtoto wake mchanga mgongoni. Tukashuka. Nyayo zangu zikatafuta mawe, kisha tope, kisha mafunjo.

Katikati ya bonde mtoto akaanza kulia. Halafu nikamsikia mdogo wangu akiita jina langu. Mara moja tu, na tayari alikuwa mbali nyuma yetu. Viatu vya askari navyo nilivisikia. Sikujibu. Mungu anisamehe, sikujibu. Niliendelea kutembea.

Waliobaki kwenye mstari wote walivuka mto. Yeye na mtoto hawakuonekana tena.

Hapa Makere, Tanzania tulikokimbilia, miaka mingi sikutoka uani. Mlidhani ni upofu. Sivyo! Kila nilipotembea, nilimsikia nyuma yangu.

Mwaka juzi mama mmoja wa kijiji cha Heru Juu alinitafuta. Kumbe ndiye aliyekuwa wa mwisho kwenye mstari ule. Alilia kwanza, ndipo akasema.

“Mdogo wako aliachia nguo mwenyewe. Mtoto alipolia, alinishikisha nguo ya aliyekuwa mbele yake, akarudi mlimani. Alikuita, kisha akasema, ‘Genda.’ Nenda.”

“Mbona hilo sikulisikia?”

“Alilisema kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa karibu.”

Sijui, wapendwa. Labda mama yule alinihurumia tu. Hadi leo mimi nasikia jina langu peke yake. Lakini kesho yake mama yule alirudi, akanishika mkono, tukaenda kupalilia maharage. Wiki iliyofuata nilikwenda kisimani mwenyewe. Sauti ilinifuata njia nzima. Niliteka maji hivyo hivyo, nikarudi.

Namshukuru mama yule, na akina mama wa kanisa hili mlionipitia kila Alhamisi hata nilipowafukuza. Jirani yako akijifungia ndani, usimwambie asahau. Kaa naye, msikilize, kisha mwombe mtoke pamoja.

Habari za mdogo wangu sijawahi kuzisema mbele za watu. Nawaomba tusimame, tumwombee yeye na mtoto wake.