Kengele ya Punda Mweupe

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka wa marehemu, familia imenituma nisome historia yake, nami nitaisoma kama ilivyokuwa, si kama nilivyoombwa jana.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1948, akiwa kitinda mimba wa mama yetu, akasoma hadi darasa la nane mwaka 1963, na tarehe 2 Februari 1967 akaajiriwa katika kiwanda cha chokaa, idara ya kusaga, ambako wapakiaji walimbandika jina la Baba Punda, kwa sababu ya hadithi aliyowasimulia wakati wa chai.

Hadithi yenyewe wengi mnaijua: punda wa kijivu alibebeshwa chokaa mpaka akawa mweupe, tajiri wake akamsifu, "Tazama unavyong'aa, mwanangu, kama farasi wa bwana harusi!", na kila punda alipokohoa sifa ziliongezwa, na mwisho akavikwa kengele shingoni, ili akianguka njiani ijulikane mzigo uko wapi. Wapakiaji walicheka hadi wakakohoa, na wakikohoa walicheka zaidi, maana hakuna aliyehitaji kuambiwa punda ni nani.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1970 na shemeji yangu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa watoto wanne, wa kiume mmoja na wa kike watatu.

Meneja aliisikiliza hadithi hadi kwenye kengele, akaondoka ameridhika, akaagiza punda mweupe achorwe getini, na kila mwaka mfanyakazi bora akawa anatunukiwa kengele ya shaba. Tarehe 30 Aprili 1988 zamu ilimfikia marehemu, meneja akatangaza kuwa hadithi ile inafundisha bidii, marehemu akaipokea kengele kwa mikono miwili, akainama, na ukumbi mzima ukashika mbavu.

Kifua kilianza kumsumbua mwaka 1994, kiwanda kikaandika kuwa ni sigara, mtu ambaye hakupata kumwashia hata mwenzake kiberiti, na tarehe 31 Machi 1996 akaachishwa kazi. Mwaka wa mwisho sauti ilimkatika, akawa anamwita mkewe kwa kengele ile ile, hadi asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Juni 2006, ilipolia mara moja ikanyamaza.

Jana mjumbe wa meneja alileta ombi kwamba kengele iwekwe juu ya jeneza, nami niseme hadithi ni ya bidii. Nilipokataa akanikumbusha, "Mzee, shukrani ya punda ni mateke." Ni kweli, na teke hili ni langu: punda ni marehemu, chokaa ni chokaa, na tajiri ameketi safu ya pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walioandika vumbi pale walipoombwa waandike jingine, majirani waliomgeuza kitandani bila kuitwa, na wafanyakazi wenzake, ambao siku zote walicheka mahali pa kuchekea. Bwana Meneja, kengele yako iko mezani, uichukue ukitoka.

Mdogo wangu, mzigo umetuliwa, na shingoni huna kitu. Pumzika kwa amani.