Marehemu Alfonsi Mbunda na Waya Ambao Haukunyooshwa

Marehemu Alfonsi Kasian Mbunda alizaliwa tarehe 14 Septemba 1957 katika kijiji cha Kigonsera, wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Kasian Mbunda, mkulima wa kahawa, na Mama Sabina. Kwa kawaida hapa panawekwa sentensi ya kusema kwamba marehemu alikuwa mpole na mcheshi. Familia inaomba radhi, sentensi hiyo haimo. Marehemu alikuwa mtu wa kuchefukwa, na jambo likimchefua alilisema palepale, hata mbele ya padri. Binti yake Noela, anayewasomea wasifu huu, amerithi tabia hiyo. Mvumilieni.

Alisoma shule ya msingi palepale Kigonsera kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Mwaka 1974 alikuja Dar es Salaam kwa kaka yake aliyekuwa akiishi Temeke, akajiunga na chuo cha ufundi katika fani ya umeme, akahitimu mwaka 1977. Huko alifundishwa jambo ambalo hakuliacha mpaka alipokata roho: waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake unaongezeka, yaani unauzuia umeme zaidi kuliko ulipokuwa wa baridi. Na umeme unaozuiwa njiani haupotei hivihivi, unageuka kuwa joto. Joto linaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto, na mahali ambapo joto hilo halina pa kutokea, plastiki iliyouvika waya inaanza kulainika. Wenzake waliliandika, wakalifanyia mtihani, wakalisahau. Yeye alitoka nalo chuoni akalihubiri maisha yake yote, kwa watu ambao wengi wao hawakutaka kulisikia.

Mwaka 1978 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya mota. Kila asubuhi, kabla mitambo haijawashwa, alipima ukinzani wa nyaya za shaba zilizosukwa ndani ya mota, akazipima tena mitambo ilipozimwa tu. Kutokana na ongezeko lile alijua ndani kumechemka kiasi gani bila kufungua hata skrubu moja. Mota, alisema, haiwezi kuficha homa. Watu ndio wanaoficha. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1996 alihamia Kimara, akawa fundi wa kujitegemea, na nyumba nyingi za mtaa huu zinawaka taa kwa mikono yake.

Hapo nyumbani Kimara alitufundisha mimi na ndugu zangu jambo hilohilo kwa njia yake. Alichukua waya mwembamba wa shaba aliokuwa ameung'oa kwenye mota iliyokufa, akauviringisha, akaunga upande mmoja na betri na upande mwingine na balbu ndogo ya tochi. Balbu ikawaka vizuri. Kisha akaushikilia ule waya juu ya jiko la mkaa ambalo mama alikuwa akipikia maharage. Mwanga ukaanza kufifia mbele ya macho yetu, ingawa betri ilikuwa ileile na hakuna kilichokatika. Akautoa kwenye moto, akaupepea, na mwanga ukarudi.

Tulimuuliza kwa nini. Akatuambia tufikirie mlango wa kanisa siku ya Pasaka. Watu wakitulia, wanapita. Wakianza kutikisika na kusukumana pale mlangoni, hapiti mtu, na mlango ni uleule. Shaba ikipata joto, vilivyomo ndani yake vinatikisika hivyo, na umeme unahangaika kupita. Mama alisema maharage yananuka plastiki. Baba akasema hiyo ndiyo harufu tunayopaswa kuichukia kuliko harufu zote duniani, na tangu siku ile mimi nimeichukia.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na Bi. Rosalia Hyera. Rosalia alikuwa fundi cherehani Tabata, na walikutana siku Alfonsi alipopeleka suruali ya kupunguzwa. Aliingia dukani akaona pasi ya umeme ambayo waya wake ulikuwa umekunjwakunjwa na kufungwa kwa kipande cha kitambaa ili upendeze. Hakusalimia. Alienda moja kwa moja akaushika ule waya.

"We kaka, vipi? Unamtafuta nani?" Rosalia aliuliza.

"Huu unachemka, dada. Hebu shika mwenyewe."

"Nishike nini? Mie nataka kujua umeleta nguo au umekuja kukagua."

"Fungua hiki kitambaa kwanza. Suruali itasubiri."

Akakifungua mwenyewe, akaunyoosha waya mezani, akasimama pale mpaka ulipopoa. Mama anasema aliolewa ili asimwone tena akisumbua mafundi wengine. Mungu aliwajalia watoto watatu: Lusungu, Noela na Monica.

Tabia ile ya kushika nyaya ilimfanya ajulikane, na si mara zote kwa wema. Kwenye harusi, kipaimara au msiba, Mzee Mbunda aliacha sahani yake ya pilau, akainama chini ya meza za watu akitafuta ekstensheni, ile ndefu inayoviringishwa kwenye kigurudumu chake. Akiikuta haijafunguliwa yote, alifoka. Waya ule ukinyooshwa sakafuni, joto lake linatoka hewani. Ukiachwa umeviringishwa, tabaka juu ya tabaka, waya wa ndani unajifunika blanketi la nyaya wenzake. Watu walimcheka. Wengine walimwita Mzee Nyoosha. Kwa nini waya unaviringishwa? Kwa sababu ukitandazwa unaharibu mapambo. Hiyo ndiyo sababu, hakuna nyingine. Tunaweka roho za watu rehani ili kitambaa cha dhahabu kisionekane kimepitiwa na waya.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ya mazishi iliniomba nipaache.

Jumamosi, tarehe 22 Julai 2017, kulikuwa na harusi katika ukumbi wa jumuiya yetu. Waya wa ukumbi ule, wa ndani ya kuta, uliwekwa na marehemu. Mwenyekiti wa ukumbi alikuwa Mzee Fredrick Haule, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati hii ya mazishi. Nyuma ya kiti cha maharusi kulikuwa na ekstensheni moja, imeviringishwa karibu yote, imefunikwa pazia, na juu yake waliunganisha friji mbili za vinywaji, spika, taa za jukwaani na pipa la umeme la kuchemshia maji ya chai. Baba alikuwa mgeni tu siku hiyo. Aliiona, akamfuata mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimesimama naye.

"Mwenyekiti, ule waya mwambie kijana wa muziki aunyooshe wote. Unachemka."

"Aah, Fundi Mbunda, umeanza. Ukitambaa pale maharusi watajikwaa, na picha zitakuwa mbaya."

"Bora wajikwae, braza. Mkiuacha vile utaungua."

"Leo umekuja kula. Kaa ule, bwana."

Kabla keki haijakatwa muziki ulianza kulegea na taa za jukwaani zikafifia, kama ile balbu juu ya jiko la mama. Kisha ikaja harufu. Na hapa, ndugu waombolezaji, naomba mnisikie vizuri, kwa sababu mpaka leo nikikumbuka natapika rohoni. Walipoisikia ile harufu, hawakuchomoa waya. Walichoma udi. Kamati nzima ya ukumbi, watu wazima, ilinusa moto, ikaamua kuutia manukato.

Pazia liliwaka, kiti cha maharusi kiliwaka, dari ikaungua nusu. Mungu ni mwema, watu wote walitoka salama. Jumapili iliyofuata tangazo lilisomwa kanisani kwamba moto ulisababishwa na "hitilafu ya umeme iliyotokana na kazi ya fundi." Hitilafu ya umeme! Maneno hayo yananitia kinyaa. Mtu anaviringisha waya, anaufunika, anaubebesha mzigo, anaambiwa, anakataa, anachoma udi, halafu anasema ni hitilafu, utadhani umeme ni shetani aliyepita pale kwa safari zake. Kile kigurudumu kilikutwa kimeyeyuka katikati, waya bado umeviringishwa. Soketi ya ukutani ilikuwa nzima. Nyaya alizoweka baba ukutani ni zilezile zinazowasha ukumbi huo hadi leo, hakuna aliyezibadilisha, na kila Jumamosi wanazikodisha.

Tangu tangazo lile, hakuitwa tena kwenye kazi yoyote ya jumuiya. Majirani aliowawekea umeme miaka ishirini walianza kuulizia fundi mwingine. Hakugombana. Alisema, "Shaba inajua." Lakini aliacha kula kwenye sherehe, na sisi nyumbani tulijua kwamba aliumia.

Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari, akawa akihudhuria kliniki Mwananyamala. Ugonjwa ule ulimwanzia miguuni, ukaja kwenye vidole vya mikono, ukavitia ganzi. Fundi aliyepima joto la waya kwa kuushika alifika mahali akashika kikombe cha chai inayofuka asijue. Hilo lilimuudhi kuliko maumivu yote. Hapo ndipo alipoanza kumtumia mama. Akiwa amekaa sebuleni, akisikia friji inaunguruma vibaya, alisema, "Mama Lusungu, hebu nishikie ule waya." Mama anaenda, anashika, anarudi. "Umepoa, Baba Lusungu." Basi analala. Miaka yake ya mwisho alilala kwa neno hilo.

Januari mwaka huu figo zilishindwa kabisa. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo, na familia inawashukuru. Alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, mama akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada yake mmoja, Shangazi Marietha, aliyesafiri kutoka Mbinga. Familia inamshukuru kila aliyekuja, aliyechanga na aliyepika.

Wasifu kama huu ungeishia hapo. Lakini jana mchana, chini ya turubai hili, baada ya sala, muziki wa kwaya ulianza kulegea. Mama aliinua kichwa. Alikuwa hajazungumza tangu Jumanne. Akainuka na kanga yake ya msiba, akaenda mpaka kwenye meza ya spika, akainama chini ya kitambaa cheupe, akaingiza mkono. Kisha akarudi mkekani.

"Noela, unachemka," akasema.

Nilikwenda kuangalia. Ni ekstensheni ya kigurudumu, imeviringishwa, imefunikwa, na imebebeshwa spika, feni nne na friji ya maji. Nikamwendea mwenyekiti. Alikuwa amevaa fulana yenye picha ya baba yangu kifuani, imeandikwa "Fundi wetu, tutakukumbuka daima."

"Shikamoo, Mzee Fredrick. Ule waya wa spika naomba unyooshwe."

"Marahaba, binti yangu. Watu watajikwaa pale, wazee wengi. Mambo ya kamati tuachie kamati. Na ile aya ya ukumbi, nimeambiwa umeiandika. Iondoe. Msiba si mahali pa kufukua mambo."

"Na hapa pakiungua, mzee, mtasema ni kazi ya fundi gani?"

Akageuka kuwapanga wazee viti. Ningeweza kuunyoosha mwenyewe, na kaka yangu Lusungu alikuwa ameshaukunja mkono wa shati. Mama ndiye aliyetuzuia, akasema aunyooshe yule aliyekataa. Jana tuliuchomoa tu, tukakaa bila muziki. Leo asubuhi, na hili halimo katika karatasi yenu, kamati imeuchomeka tena, ukiwa umeviringishwa vilevile, ili ninyi msikie sauti yangu. Nimekipitisha kidole pale nilipokuwa nakuja kusimama hapa. Una joto tayari, na Februari hii ya Dar es Salaam haina baridi ya kuusaidia.

Katika karatasi mliyoishika, chini ya mstari huu, mtaona pameachwa nafasi tupu. Mchapaji aliniuliza kama ni kosa. Nilimwambia aiache. Nafasi hiyo ni ya Mzee Fredrick Haule kutoka kwenye kiti chake cha mbele, kuinama chini ya meza, na kuunyoosha waya wote kwa mikono yake, mpaka kigurudumu kibaki kitupu. Sitaki hotuba, wala sitaki anitake radhi. Anyooshe. Mimi nitanyamaza, na jeneza litabaki hapo lilipo.

 

 

 

Akimaliza, mama atakwenda kuushika. Hata ikichukua robo saa, tutamsubiri. Atakapogeuka kumwangalia baba na kumwambia kwamba umepoa, hapo ndipo vijana watamnyanyua. Baba yetu hajawahi kulala kabla ya kulisikia neno hilo.