Fundi Aliyeuliza Nani Anaangalia

Mzee wetu, fundi wa vipimo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba mlinzi. Alisoma hadi kidato cha nne, kisha chuo cha ufundi, ambako aliifungua redio ya mkuu wa chuo bila ruhusa na kuirudisha inasikika vizuri kuliko mwanzo. Viboko alipata vilevile.

Mwaka 1979 aliajiriwa kiwanda cha mafuta ya kula, akadumu huko hadi kustaafu, 2016. Alitunza vifaa vinavyozima mtambo hatari inapokaribia. Kimojawapo kilipobidi kunyamazishwa kwa muda ili kitengenezwe, hakukubali mpaka ajue nani ameruhusu, mpaka saa ngapi, na nani atakaa pale kuangalia badala yake. Wakubwa walimwona mkaidi. Wenzake walimwita Nani-Anaangalia.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, akifika kwa kuchelewa, maana wa kumpokea zamu kwenye tangi la kiwandani hakutokea mapema. Shangazi wa bibi harusi alisema kama bwana ameshaoa tangi, aseme watu warudi makwao. Bibi harusi alinuna mpaka kesho yake.

Mapafu yalianza kumsumbua 2021. Mwezi huu alilazwa. Kibanio cha kidoleni, kinachopima oksijeni ya damu, kilikuwa kikiteleza kidogo tu, mashine inalia, hata akakosa usingizi. Muuguzi akazima mlio wakati kibanio kingine kinatafutwa. Mzee akauliza nani ataangalia namba.

"Mimi, baba," akasema binti yake mkubwa. "Wewe lala."

Binti alikuwa hajalala vizuri tangu baba alazwe. Mchana ule, kwenye kiti cha plastiki, usingizi ukampitia. Alipozinduka alimkuta baba amegeuza shingo, anaisoma mashine. Namba zilikuwa zimeshuka. Akabonyeza kengele huku analia, akamuuliza kwa nini hakumwamsha.

"Ulichoka, mama," akajibu. "Nikaangalia mwenyewe."

Alifariki jioni ile, tarehe 14 Juni 2023. Daktari amesema mapafu yalishafika mwisho, kuamshwa mapema kusingebadili kitu. Binti hajaamini. Ameomba haya yasomwe, kwa sababu watu wanamsifu kwa kumuuguza baba yake, na kila sifa inamchoma.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na mdogo wake anayewasomea haya. Mungu ampumzishe kwa amani, na binti yake naye ajaliwe usingizi.